Shajara ya Mradi wa Milinganyo ya Asidi na Besi, Wete, Pemba

Tarehe 2 Juni

Leo nimeianza rasmi kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana: kuandaa kijitabu cha Kiswahili kitakachowaonesha wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu jinsi ya kuandika mlinganyo wa mmenyuko baina ya asidi (kama ya siki) na besi (kama chokaa), na jinsi ya kuusawazisha mpaka kila atomi iliyoingia upande wa kushoto ionekane imetoka upande wa kulia. Mtihani wataufanya kwa Kiingereza, na sikusudii kuwatoa huko. Ninalolitaka ni kwamba mtoto awe ameshaifahamu hesabu yenyewe kwa lugha anayozungumza nyumbani, ili siku ya mtihani kazi yake iwe kukumbuka majina tu, isiwe kutafuta majina na maana kwa wakati mmoja.

Tuko watatu. Mimi nasomesha kemia; mwenzangu anasomesha hisabati katika skuli hii hii; na mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili amekubali kuzisoma rasimu zote. Katika kabati la maabara tuna asidi ya haidrokloriki, asidi ya salfuriki, sodiamu haidroksaidi na bureti moja iliyo nzima, yaani mrija wenye alama za kupimia maji yanayotoka kidogo kidogo. Vitu vilivyobakia tutavitoa majumbani: siki, ndimu, ukwaju, manjano na chokaa.

Tarehe 5 Juni

Siku nzima imekwenda katika neno moja, na siijutii. Asidi ikikutana na besi kila moja hupoteza tabia yake, na pahala pao panabakia chumvi (kwa maana ya kikemia, si ile ya mezani peke yake) na maji. Tendo hili tuliiteje? Katika rasimu niliandika “kuzimua”, kwa kuwa ndilo neno la kwanza linalomjia mtu akitaka kusema kwamba ukali umepunguzwa. Mzee wetu mstaafu alilikataa, na hoja yake ilikuwa ya kikemia kuliko ya lugha. “Mwalimu,” aliniambia, “anayezimua siki anatia maji tu. Hiyo iliyozimuliwa imeacha kuwa siki?” Haikuacha. Asidi iliyozimuliwa bado ni asidi ile ile, ila imetawanyika katika maji mengi zaidi, na hakuna kitu kipya kilichozaliwa.

Mwenzangu akaleta “kutangua”. Neno hili lilikaribia, lakini lina upande mmoja: udhu hutanguka, na kilichoutangua kinabakia kama kilivyokuwa. Katika kikombe cha asidi na besi hakuna anayesalimika. Mwishoni tulitua kwenye “kubatilishana”. Wanafunzi wetu wanalijua neno batili tangu walipokuwa chuoni wakisoma juu ya saumu na sala, na ile “-ana” ya mwisho inabeba nusu ya maelezo: asidi inaibatilisha besi, besi inaibatilisha asidi, na yote mawili ni tendo moja. Kwa hiyo kijitabu kitasema mmenyuko wa kubatilishana. Neno kuzimua tumeliwekea kazi yake yenyewe, yaani kuongeza maji, pamoja na onyo kwamba asidi kali ndiyo inayomiminwa ndani ya maji kidogo kidogo, wala maji hayamiminwi ndani ya asidi.

Tarehe 9 Juni

Nimekusanya madaftari ya Kidato cha Pili ili nijue wanakosea wapi kabla sijaandika ukurasa wa kwanza. Niliwapa swali moja tu: waandike mlinganyo uliosawazishwa wa mmenyuko wa asidi ya salfuriki na sodiamu haidroksaidi. Jibu ni hili:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Nilitarajia kukuta watoto waliosahau zile 2 mbili za mbele, na hao wapo wengi. Wengine wameandika chumvi kuwa NaSO₄ kisha wakahangaika na namba mpaka karatasi ikachakaa kwa kufutwa. Lakini daftari la msichana mmoja limenikalisha kitako. Ameandika hivi:

H₂SO₄ + NaOH → NaSO₄ + H₃O

Nilichukua kalamu kumhesabia atomi ili nimwoneshe pahala pasipolingana. Haidrojeni kushoto ni mbili za asidi na moja ya besi, jumla tatu. Kulia ni tatu. Oksijeni kushoto ni nne na moja, jumla tano. Kulia ni nne na moja, tano vile vile. Sodiamu moja kwa moja, salfa moja kwa moja. Mlinganyo wake umelingana kwa kila atomi, na kilichoandikwa upande wa kulia hakipo katika chupa yoyote duniani. Nilitia alama ya kosa nikafunga daftari, lakini usiku huu bado linanishughulisha.

Mtoto yule hakukosea maelekezo yangu. Mimi ndiye niliyewaambia darasani kwamba kusawazisha ni kuhakikisha idadi ya atomi za kila elementi inalingana pande zote mbili, na yeye amefanya hivyo kwa ukamilifu kuliko wenzake. Sikuwaambia kwa uzito unaostahiki kwamba hesabu haianzi mpaka fomula zote ziwe zimeshaandikwa sawa, na kwamba zikishaandikwa hazigusiki tena. Kijitabu nilichokuwa nimekipanga kilianza na kuhesabu. Nimeifuta orodha ya sura.

Tarehe 10 Juni

Baada ya sala ya Alasiri nilikaa na mwenzangu tukatafuta mfano utakaomkataza mtoto kuigusa fomula bila ya kuhitaji kukariri katazo. Tumeupata katika karafuu. Mchumaji wa Pemba hulipwa kwa pishi, na pishi ina vibaba vinne. Anayetaka malipo zaidi huongeza hesabu ya pishi alizochuma. Hawezi kusema kwamba leo pishi yangu ina vibaba vitano, kwa sababu kipimo hicho si pishi tena, ni kitu kingine ambacho mwenye shamba hakijui. Namba ndogo iliyo chini ndani ya fomula ni vile vibaba ndani ya pishi: ndiyo inayoifanya H₂O kuwa maji. Namba kubwa ya mbele ni hesabu ya pishi. Mwenye kusawazisha ana ruhusa ya kuigusa namba ya mbele peke yake. Akiigeuza H₂O kuwa H₂O₂ kwa kutafuta oksijeni moja iliyopungua, hakuongeza maji. Ameandika kitu chengine kabisa, ambacho hutumika kupaushia nywele na kusafishia vidonda.

Mfano huo huo umetusaidia katika mabano. Wanafunzi wengi huandika CaOH2 kwa kudhani kwamba mabano ni pambo. Katika Ca(OH)₂ mabano ni kikapu, na 2 iliyo nje inasema kwamba vikapu ni viwili na kila kimoja kina oksijeni moja na haidrojeni moja. Kwa hiyo oksijeni ni mbili na haidrojeni ni mbili. Namba ya mbele ikija, inazidisha kila kilichomo: 3Ca(OH)₂ ina kalsiamu tatu, oksijeni sita na haidrojeni sita.

Tarehe 16 Juni

Sura ya kwanza sasa inahusu chumvi, na ni ndefu kuliko nilivyokusudia. Nimeamua iwe hivyo kwa sababu nimeyapitia madaftari mara ya pili na nimeona kwamba makosa mengi yanayoitwa makosa ya kusawazisha yalikuwa yameshafanyika kabla ya kusawazisha, pale mwanafunzi alipoiandika chumvi.

Njia tunayoifundisha inatokana na ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, fikra ambayo msingi wake uliwekwa na Svante Arrhenius wa Sweden katika tasnifu yake ya mwaka 1884, na ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903. Asidi katika maji hutoa ioni za haidrojeni, H⁺. Besi iliyoyeyuka hutoa ioni za haidroksaidi, OH⁻. Ioni hizi mbili zinaungana na kuwa maji:

H⁺ + OH⁻ → H₂O

Kilichobakia katika asidi baada ya kuondoka H⁺, na kilichobakia katika besi baada ya kuondoka OH⁻, ndivyo vinavyoiunda chumvi. Chaji zao lazima zifutane. Sodiamu ina chaji moja ya kujumlisha, Na⁺, na salfeti ina mbili za kutoa, SO₄²⁻. Kwa hiyo salfeti moja inahitaji sodiamu mbili, na chumvi ni Na₂SO₄. NaSO₄ ingebakiwa na deni la chaji moja, na kitu chenye deni hilo hakikai katika chupa. Kalsiamu, Ca²⁺, inahitaji kloraidi mbili: CaCl₂. Kalsiamu na salfeti zina mbili kwa mbili, basi moja inatosha moja: CaSO₄. Nimewakusanyia ioni kumi na mbili wanazozihitaji katika ukurasa mmoja, na nimekataa kuongeza nyingine ingawa mwenzangu alitaka zaidi. Ukurasa wa kukariri ukijaa sana haukaririki.

Baada ya chumvi kuandikwa sawa, kazi iliyobakia ni nyepesi. Mwanafunzi ahesabu asidi moja inatoa H⁺ ngapi na besi moja inatoa OH⁻ ngapi, kisha azilinganishe. Kila jozi moja ni molekuli moja ya maji, kwa hiyo namba ya maji haibahatishwi. Inajulikana tangu hapo. Mfano ni asidi ya haidrokloriki na kalsiamu haidroksaidi: besi ina OH⁻ mbili na asidi ina H⁺ moja, basi asidi ziwe mbili na maji yawe mawili.

2HCl + Ca(OH)₂ → CaCl₂ + 2H₂O

Tarehe 23 Juni

Leo ilikuwa zamu ya mwenzangu wa hisabati, na nimejifunza kutoka kwake. Milinganyo inayowatisha wanafunzi ni ile ambayo H⁺ za asidi na OH⁻ za besi hazigawanyiki vizuri, kama asidi ya fosforiki yenye H⁺ tatu na kalsiamu haidroksaidi yenye OH⁻ mbili. Mimi nilizoea kuwaambia wajaribu namba mpaka zilingane. Yeye alishangaa. “Mbona hiki ni Kigawe Kidogo cha Shirika, walishakisoma tangu msingi?” Tatu na mbili, kigawe chao kidogo ni 6. Tunataka H⁺ sita, basi asidi ni mbili. Tunataka OH⁻ sita, basi besi ni tatu. Maji ni sita:

2H₃PO₄ + 3Ca(OH)₂ → Ca₃(PO₄)₂ + 6H₂O

Hakuna kubahatisha hata hatua moja. Asidi ya salfuriki na aluminiamu haidroksaidi inakwenda kwa njia hiyo hiyo, mbili na tatu zikibadilishana nafasi:

3H₂SO₄ + 2Al(OH)₃ → Al₂(SO₄)₃ + 6H₂O

Tumeongeza ukaguzi wa uzito mwishoni, kwa ajili ya mwanafunzi anayetaka kuwa na yakini kabla ya kuweka kalamu chini. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alionesha katika karne ya 18, kwa kupima kwenye mizani kila kinachoingia na kila kinachotoka, kwamba katika mmenyuko uzito haupotei wala hauongezeki. Katika mlinganyo wa fosforiki, asidi mbili zina 2 × 98 = 196 na besi tatu zina 3 × 74 = 222, jumla 418. Kulia, chumvi ina 310 na maji yana 6 × 18 = 108, jumla 418. Mwenzangu amezikagua hivyo zote zilizomo kitabuni, akakuta mbili nilizokosea kunakili.

Tarehe 1 Julai

Jaribio la kwanza maabara, darasa zima likiwapo. Nilitaka waione ile 2 ya mbele kwa macho, isiwe namba ya kwenye ubao tu. Tulitayarisha asidi ya haidrokloriki, asidi ya salfuriki na sodiamu haidroksaidi, zote zikiwa na ukolezi mmoja wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha kuhesabia chembe za kitu). Kiashiria kilikuwa manjano ya jikoni iliyoloweshwa katika spiriti na kuchujwa. Hubakia njano katika asidi, na besi ikizidi hugeuka rangi ya damu ya mzee. Wasichana waliitambua mara moja, kwa sababu doa la mchuzi kwenye kanga hugeuka hivyo hivyo linapopakwa sabuni.

Mililita 10 za asidi ya haidrokloriki zilibadilika rangi baada ya kupokea karibu mililita 10 za besi. Kisha tukaweka mililita 10 za asidi ya salfuriki. Ilipofika mililita 10 kwenye bureti, nusu ya darasa walisema itageuka sasa. Haikugeuka. Iliendelea kuwa njano mpaka ikakaribia 20. Kimya kilichoingia baina ya 10 na 20 kilinifurahisha kuliko jibu lolote nililowahi kupewa darasani, kwa sababu niliona nyuso zikihesabu. Kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo: “Kumbe ile mbili inatoka humu.”

Tulipima na joto. Mililita 25 za asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, ikichanganywa na mililita 25 za sodiamu haidroksaidi ya ukolezi huo katika kikombe cha plastiki, ilipandisha kipimajoto nyuzi 6 na kidogo. Hesabu ya vitabu, inayosema kwamba kila moli moja ya maji yanayozaliwa kwa njia hii hutoa takriban kilojuli 57, inataka karibu nyuzi 7. Kilichopungua kimeishia katika kikombe na hewa. Joto hilo ni takriban moja kwa asidi kali yoyote na besi kali yoyote, kwa sababu mmenyuko wa ndani ni ule ule mmoja wa H⁺ na OH⁻. Nimeliweka hili katika kisanduku pembeni ya ukurasa.

Tarehe 8 Julai

Jaribio la leo liliharibika, na nimeandika kila kitu kama kilivyotokea. Lengo lilikuwa kuwaonesha kubatilishana kwa siki na chokaa, vitu vya nyumbani. Asidi ya siki ni asidi ya asetiki, na mlinganyo tuliouandika ubaoni ulikuwa huu:

2CH₃COOH + Ca(OH)₂ → Ca(CH₃COO)₂ + 2H₂O

Niliwaeleza kwamba mazao ni chumvi na maji tu, kwa hiyo hakuna hewa itakayotoka. Nilimimina siki juu ya chokaa, na chokaa ikachemka povu mbele ya darasa zima. Mwanafunzi aliyekaa mbele alisema kwa adabu, “Mwalimu, mlinganyo haukutaja povu.” Nilikiri kwamba haukutaja, nikawaambia nitaleta maelezo wiki ijayo. Chokaa ile niliichota katika ndoo iliyobakia ya kupakia kuta, ambayo imekaa ghalani bila ya kifuniko tangu kabla ya Ramadhani.

Tarehe 9 Julai

Jibu nimelipata kabla ya kulitafuta vitabuni. Nilikwenda kwa bibi jirani yetu anayekula tambuu kumwomba chokaa mbichi. Baada ya shikamoo na marahaba nilimsimulia kisa cha povu, naye akanionesha kikopo chake kilichofunikwa, chokaa ikiwa rojo ndani yake. “Chokaa haiachwi wazi mwanangu,” alisema. “Ikilala nje inakufa. Ukiitia katika tambuu haikushiki ulimi hata kidogo.”

Chokaa iliyokufa: ndivyo ilivyo. Mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, huchomwa katika tanuu mpaka hewa ya ukaa iyatoke. Kinachobakia hutiwa maji, kikachemka na kuwa kalsiamu haidroksaidi. Ikiachwa wazi, chokaa hiyo huivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Milinganyo yake ni mitatu, na inafunga duara:

CaCO₃ → CaO + CO₂

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Huo wa tatu ndio uliozishika kuta za Mji Mkongwe wa Unguja kwa miaka yote hii, na ndio ulioiua chokaa yangu ghalani. Nilichokimiminia siki jana kilikuwa kaboneti kwa sehemu kubwa, na mlinganyo wake ni mwengine:

CaCO₃ + 2CH₃COOH → Ca(CH₃COO)₂ + H₂O + CO₂

Povu lilikuwa hewa ya ukaa. Chumvi ni ile ile ya kwanza, lakini maji yamepungua moja na hewa imeongezeka. Sura mpya ya kijitabu itaanza na povu hili, na nitaieleza kama ilivyotokea.

Tarehe 15 Julai

Tumerudia kwa chokaa ya kikopo cha bibi, na siki haikutoa povu. Baada ya hapo tuliifanya iwe hesabu. Maji safi ya chokaa yaliyochujwa, yakiwa yameshiba, yana takriban gramu 1.7 za kalsiamu haidroksaidi kwa lita katika joto la nyuzi 20, ambazo ni kama moli 0.023. Siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5 ina takriban moli 0.83 za asidi kwa lita; tukaizimua mara kumi, na hapa neno letu la akiba likapata kazi. Kwa mlinganyo wa asidi mbili kwa besi moja, mililita 20 za maji ya chokaa zinadai takriban mililita 11 za siki iliyozimuliwa. Bureti ilisoma 10.3 pale manjano iliporudi kuwa njano.

Wanafunzi walitaka kujua ile iliyopungua imekwenda wapi, na swali lao lilikuwa zuri kuliko jaribio lenyewe. Chokaa haifanyi kama sukari: kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo inavyoyeyuka kidogo zaidi. Maji yetu hapa Wete hayako nyuzi 20 hata katika kipupwe, kwa hiyo chokaa iliyomo ni pungufu kuliko ile ya jedwali. Lau wangechukua asidi moja kwa besi moja, wangetarajia mililita 5 na nusu tu, na tofauti hiyo isingeelezwa na joto lolote.

Tarehe 22 Julai

Nimemwita msichana wa lile daftari la Juni, kwa sababu kuna jambo nililomfichia bila ya kukusudia. Nilipokuwa naandika sura ya asidi zenye H⁺ zaidi ya moja niliuona mlinganyo wake kwa jicho jengine. Yeye aliandika asidi moja na besi moja. Ukweli ni kwamba ukichukua asidi ya salfuriki na sodiamu haidroksaidi moja kwa moja, mmenyuko upo na zao lake lipo:

H₂SO₄ + NaOH → NaHSO₄ + H₂O

OH⁻ moja imechukua H⁺ moja, na H⁺ ya pili imebakia ndani ya chumvi. Chumvi hii inaitwa sodiamu haidrojeni salfeti na bado ina tabia ya asidi, kwa kuwa kubatilishana hakujakamilika. Niliweka milinganyo miwili, wake na huu, mmoja juu ya mwengine, nikamwambia atazame bila ya mimi kusema neno. Alichukua muda. Kisha aliweka kidole juu ya H₃ yake na kusema: “Haidrojeni moja niliitia kwenye maji, na ilikuwa ya kwenye chumvi.”

Upande wa kushoto aliuandika sawasawa. Alikuwa mbali na ukweli kwa atomi moja tu, na mimi nilimtilia alama ya kosa bila ya maelezo, kama vile alivyoandika ni upuuzi. Nilimwomba radhi. Nilimweleza pia kwamba H₃O⁺, yenye chaji, ni ioni inayopatikana katika maji yenye asidi, ila haikai peke yake kama zao bila ya chaji. Ameniruhusu kuutumia mlinganyo wake kitabuni bila ya jina lake.

Tarehe 29 Julai

Mambo madogo ya wiki hii. Amonia imepewa nusu ukurasa: NH₃ + HCl → NH₄Cl ni kubatilishana kusikozaa maji, na ni lazima wanafunzi wauone mlinganyo huo ili wasiongeze H₂O kwa mazoea. Ukwaju na ndimu zimepata mfano mmoja mmoja. Asidi ya ndimu, sitriki, ina H⁺ tatu. Ya ukwaju, tartariki, ina mbili. Hesabu yao ni ile ile. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu haidroksaidi imeingia pia, kwa kuwa asidi ya tumboni ni haidrokloriki:

2HCl + Mg(OH)₂ → MgCl₂ + 2H₂O

Mzee mstaafu amerudisha rasimu ikiwa na masahihisho katika kila ukurasa. Pahala nilipoandika kwamba mmenyuko “unachukua nafasi” aliandika pembeni: unatokea.

Tarehe 6 Agosti

Karafuu za mwanzo zimeanza kuiva, na jioni baadhi ya wanafunzi wako mashambani, hivyo tumefanya jaribio la kijitabu asubuhi. Swali lilikuwa lile lile la tarehe 9 Juni, pamoja na la asidi ya fosforiki na kalsiamu haidroksaidi ambalo hawakuwahi kulifanya wenyewe. Niliwaangalia wanavyofanya kabla ya kuangalia walichoandika. Wengi walianza na chumvi, wakaandika chaji kwa penseli juu ya kila ioni, kisha wakasimama kwenye maji na kuhesabu jozi. Wachache bado waliigusa namba ya chini, mmoja wao, alipokuwa anaifuta, nilimsikia akijinong’oneza “pishi, pishi.” Wanaokosea sasa wanakosea zaidi katika mabano ya Ca₃(PO₄)₂, na hilo nimeliongezea mazoezi manne.

Ukurasa wa tisa una milinganyo miwili iliyowekwa mmoja juu ya mwengine, wa H₃O na wa NaHSO₄, na chini yake pana nafasi tupu ya mwanafunzi kuandika ni atomi gani iliyohama. Rasimu inakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu. Bibi jirani ameuliza chokaa yake imefaa kazi gani, na kikopo nitamrudishia leo kikiwa kimefunikwa.